Barua kwa mwanangu: ile fidla usiiuze

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza uiuze ile fidla uloinunua Leeds uchukue ya Kijerumani, maana fundi kakwambia aloitengeneza alikuwa seremala tu, kajifundisha mwenyewe. Idi uliniachia nikakaa nayo siku nne, basi nnalo la kusema.

Fundi hajakudanganya. Ule mstari mweusi unaozunguka ukingo wa kifua cha fidla, yaani ule ubao wa mbele, kwa fundi aliyefunzwa ni utepe wa mbao, unachimbiwa mfereji mwembamba unapachikwa humo, kazi yake kuzuia ufa usitambae kutoka ukingoni. Kwenye yako nilipitisha ukucha, ukateleza tu. Wino ule. Kachora kwa wino, lakini wallahi mkono haukutetemeka hata kwenye zile kona nne, na mie nilikaa nikaitazama pale dirishani mpaka magharibi ikaingia. Na yale matundu mawili ya kutolea sauti kifuani, la kulia limekaa juu kidogo kuliko la kushoto. Ndani kuna kikaratasi, mwandiko wa mkono, jina la yule seremala mwenyewe, Yorkshire, 1888.

Sasa miaka hiyohiyo kule Markneukirchen, Ujerumani, fidla zilikuwa zinatoka kwa maelfu, nyumba hii wanachonga shingo tu, ile vifua tu, zinakusanywa zinaungwa, alafu nyingi ndani zinabandikwa jina la Stradivarius, fundi mashuhuri wa fidla aliyekufa Cremona, Italia, 1737! Sizitukani, taarab nimepigia moja ya hizo miaka mingi na imenilisha. Ila huyu bwana wako hakuazima jina la mtu. Wakati ule Uingereza walikuwepo wengi kama yeye, mchana kazi zao, usiku wanachonga, na Edward Heron-Allen, kijana wa London aliyesomea sheria, alikwenda kujifunza kwa fundi Georges Chanot akaandika kitabu cha kuwaelekeza hatua kwa hatua, miaka ya 1880 hiyohiyo.

Pesa haitokupa nyingi, hilo nakwambia mapema. Na sauti yake ni nzito, haifiki mbali, kifua kakiacha kinene, ukikigonga kwa kidole kinajibu tuk, hakivumi. Kwa hiyo atatokea fundi atakwambia tuifungue tukwangue mbao iwe nyembamba. Usikubali mwanangu, mbao ikishakwanguliwa hairudi. Mwambie abadilishe nyuzi, achonge daraja jipya, kile kijibao kinachobeba nyuzi, na akiguse kile kijiti cha ndani kilichosimama bila gundi baina ya kifua na mgongo, Wafaransa wanakiita roho, ukikisogeza unywele mmoja tu sauti inageuka. Hivyo vyote visipokupendeza vinarudishwa vilivyokuwa.

Kile kikaratasi kipige picha vizuri unitumie, ile picha ya mwanzo ina kivuli. Na ukija Disemba njoo nayo, ipande na wewe juu ndani ya ndege, usiitie kwenye mizigo. Nataka nikuoneshe ile nyuzi ya tatu inavyolia ukibonyeza kidole polepole.

Baba yako