Nyenzo za bure za kufundishia dunia na anga

Kwa aliyeuliza nyenzo za bure mtandaoni za somo la dunia na anga: anza na ramani ya mtandaoni ya matetemeko ya ardhi ya USGS (taasisi ya jiolojia ya Marekani). Kwenye mipangilio chagua siku 30, ukubwa wa 4.5 kwenda juu. Usishuke hadi 2.5. Marekani ina vipima-tetemeko vingi, hivyo vitetemeko vidogo vya huko hujaza ramani na wanafunzi wakadhani ndiko kunakotikisika kuliko kote duniani. Waache kwanza wakisie mipaka ya mabamba (vipande vikubwa vya ganda la dunia) kwa kufuata vitone vya matetemeko, ndipo uwashe tabaka la mipaka yenyewe. Hapo mjadala huwaka.

Kwa nyota, tumia Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga kwenye skrini. Bonyeza F6 uweke mahali mlipo, la sivyo mtatazama anga la watu wengine. F5 ni tarehe na saa. L huharakisha muda, K huurudisha kasi ya kawaida. Ukishaisakinisha kwenye kompyuta, hata bila intaneti inafanya kazi.

PhET, tovuti ya miigo ya sayansi ya kompyuta, nayo ina mwigo wa uvutano na mizunguko ya sayari, na unapakulika. Ila ukurasa wake wa kwanza umetia chumvi ukubwa wa maumbo; wapeleke mapema kwenye ule wa vipimo halisi.