Nazi uza, mnazi usiuze

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sote wazima, na mguu wa shangazi yako hauumi tena.

Umeniambia mchapishaji anataka umwandikie kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 11 kwa malipo ya mara moja: ukikabidhi mswada, mmeachana. Unauliza uitishe ngapi usije ukaonekana una tamaa. Wewe unaniuliza bei, mimi nataka kujua unauza nini. Babu yako kule Kilifi aliuza nazi maisha yake yote, hakuuza mnazi hata mmoja. Nimewaambieni hayo tangu mko wadogo, nanyi mkinikimbia.

Wakumbuka kile kitabu changu ulichokifunika kwa karatasi ya kaki ulipokuwa darasa la tatu? Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa bure, madarasa yakafurika, na Serikali ikawa inazipa shule pesa za vitabu. Wachapishaji walijua pana biashara. Tuliitwa Nairobi walimu watatu, tukakalishwa kwenye chumba kidogo, na mkataba uko mezani umeshapigwa muhuri, umesubiri sahihi zetu tu. Malipo ya mara moja. Nikauliza, mirabaha, ile sehemu ya mwandishi katika kila kitabu kinachouzwa, iko wapi? Yule meneja akavua miwani, akanitazama, akasema: "Lakini mwalimu, nyinyi si mna mshahara wa Serikali?"

Mwanangu, neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo. Mshahara ule ni wa kufundisha. Mazoezi ya ngeli niliyaandika usiku, nyinyi mmelala, baba yako Mungu amrehemu akinishikia taa umeme ukikatika. Nikamwambia: mwenye kiwanda cha chapa naye ana riziki nyingine, mbona yeye mnamlipa? Wenzangu wakawa wananikanyaga mguu chini ya meza. Sikunyamaza. Adhuhuri ilipita tumo mle mle, na tulipotoka tulikuwa na asilimia 10 ya mapato ya mauzo, tugawane watatu. Pesa hizo ndizo zilizoezeka nyumba ya Likoni na kukulipia wewe bweni.

Lakini Mwongozo wa Mwalimu waliuchukua bure. Walisema unafuatana na kitabu! Hatua za kila kipindi, majibu ya kila zoezi, yote yale, na hatukupewa hata senti. Hilo sijasamehe.

Basi sikiliza. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, ila mkikubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, umempa. Na hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hapo unatoa na cha wanao. Muulize pia: KICD, wale wa mitaala wanaoidhinisha vitabu vya shule, wakirudisha kitabu kirekebishwe, nani analipia kazi ya pili? Malipo yanatoka ukikabidhi mswada, au yanangoja idhini? Mwongozo je? Toleo la kidijitali je?

Hata hivyo mimi mwenyewe nabishana na nafsi yangu. Zama zimegeuka. Tangu 2018 Serikali hununua vitabu yenyewe kwa zabuni na kuvifikisha shuleni. Kitabu kikipita, kinachapwa kwa wingi, ingawa bei ya zabuni ni ya chini na mrabaha wako unapigwa juu ya hiyo hiyo. Kisipopita, asilimia yako ni asilimia ya hewa. Na mwenye nyumba wako hapo Nairobi hangoji KICD waamue. Kwa hiyo pesa za mara moja si haramu, zikiwa nono. Lakini nikishasema hivyo nakasirika tena: kwani kitabu kikienda miaka kumi, ale yeye peke yake? Nazi, mwanangu, si mnazi. Iko njia ya katikati, malipo ya awali yasiyorudishwa, kisha mirabaha kikianza kuuzwa. Wapo wanaokubali. Wengine wanasema hawajawahi kusikia kitu hicho, na wamekisikia.

Kaka yako amenisihi nisikuamulie, ati umekuwa mtu mzima. Haya. Sikwambii utie sahihi wala usitie, na ulimi unaniwasha kweli kweli. Ila hilo la tamaa lifute kichwani. Mtu anayejua kazi yake akataja bei yake hana tamaa yoyote, na huyo mchapishaji mwenyewe hafanyi kazi bure.

Umenitumia picha ya ukurasa wa malipo peke yake. Nataka mkataba wote, hasa zile kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, kabla hujarudi kwake Jumatatu. Kama hajakupa wote, uombe kwanza, na usikubali aukusomee kwa simu.

Mamako