Maswali yenu: vimeng'enya, mihogo michungu na nyama ya mbuzi

Mwalimu anasema kimeng'enya huharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha. Inawezekanaje? (Mwanafunzi, Ibanda)

Kutoka Bukavu kwenda Goma unaweza kupanda milima ya barabara ya Kalehe na Minova, au ukapita ziwani kwa boti. Unakoenda ni kulekule, ila kupanda kumepungua. Boti ikishusha abiria, inarudi kuchukua wengine. Kimeng'enya nacho hupunguza nishati ya kuanzia mmenyuko, kisha kinaachia kilichotengenezwa na kushika molekuli nyingine. Katalasi ni kimeng'enya kilicho kingi kwenye ini na damu; molekuli yake moja huvunja mamilioni ya molekuli za maji ya oksijeni (haidrojeni peroksidi) kwa sekunde moja. Lile povu unaloliona yakimwagwa kwenye kidonda ni kazi yake.

Nina haraka. Naweza kuchemsha mihogo michungu sana bila kuiloweka? (Mama, Kadutu)

Hapana, mama, tafadhali usifanye hivyo. Ndani ya chembe hai (seli) za muhogo kuna linamarini, yenye sumu ya sianidi iliyofungwa. Kimeng'enya cha kuifungua, linamarasi, kimekaa kwenye kuta za chembe, na muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukiuloweka siku tatu au nne mpaka ubonyee kwa kidole, kuta zinalegea, vinakutana, na sianidi inatoka. Hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, basi inapotelea majini na hewani, na jua la kuanikia linamalizia.

Ukitia vipande vibichi kwenye maji ya moto, kinachokufa kwanza ni kimeng'enya. Linamarini inavumilia moto, inabaki kwenye chakula, na bakteria wa tumboni wanaifungua ukiwa umeshakula. Watu wanaokula hivyo wiki kwa wiki, bila maharagwe, samaki wala nyama, ndio wanaopata konzo: miguu yote miwili inakakamaa ghafla na haiponi. Kivu ya Kusini imeshawapata wagonjwa hao. Siku tatu za kungoja si nyingi.

Sombe nayo (majani ya muhogo), twanga majani yangali mabichi, ndipo uchemshe bila kufunika.

Je, kama unga umeshasagwa na nina wasiwasi nao? (Msomaji, Bagira)

Bado unaweza kuuokoa, maana kimeng'enya kilichobaki kwenye unga mkavu kinangoja maji tu. Uchanganye na maji mpaka uwe rojo, utandaze mwembamba kwenye mkeka, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Upike bugali siku hiyohiyo.

Papai linalainisha kweli nyama ya mbuzi? (Msomaji, Panzi)

Kweli, likiwa bichi. Utomvu wake una papaini, inayokata protini za nyama. Paka kabla ya kupika, kwa sababu ikianza kuchemka imekufa. Usilaze usiku kucha: nje kutakuwa uji, ndani kungali kugumu.