Kisanduku cha muziki cha kutia ufunguo

Umeuliza kisanduku cha zamani cha bibi yako kinaimbaje bila betri, na asili yake ni wapi. Ufunguo unakaza springi, springi inazungusha silinda ya shaba iliyojaa vipini vidogo mno. Kila kipini kinanyanyua jino la kitana cha chuma kisha kinaliachia, linalia. Meno marefu yana sauti nzito, mafupi nyembamba. Raha sana kukitazama! Asili ni Uswisi: fundi saa Antoine Favre wa Geneva, 1796. Baadaye Sainte-Croix, mji mdogo wa hukohuko Uswisi, ikavuma kwa kazi hiyo. Ila nakusihi, usikifungue springi ikiwa imekazwa. Silinda ikifyatuka na kuzunguka kwa kasi inavunja meno, na kuyarudishia ni kazi ya fundi hasa.