Kulala Tucumcari au kuendelea hadi Albuquerque?
Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama inafaa kulala Tucumcari, New Mexico, mkiwa safarini na familia kutoka Amarillo, Texas, kwenda Albuquerque, nakushauri mlale, mradi mfike kabla ya magharibi. Ni kweli mji umechakaa tangu barabara kuu ya I-40 ilipoupita kando, na mtaona vituo vya mafuta vilivyofungwa, vibao vyake vimepauka kwa jua. Lakini Blue Swallow, moteli ya mwaka 1939 yenye mabanda ya gari ubavuni mwa vyumba, bado huwasha taa zake za neoni. Wekeni nafasi mapema. Mkitoka Texas saa hurudi nyuma kwa saa moja, na msisahau masweta, kwani mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari.