Saa nne ya nani? Kuchangia programu huria za uchambuzi wa data ukiwa Malindi

Daftari la banda la samaki likiandikwa "saa 4", kila mtu Malindi anajua jua limeshapanda na mashua za usiku zimeshatia nanga. Kompyuta inasoma 04:00, alfajiri hata haijaadhiniwa. Tofauti ni saa 6 kamili. Kwenye hesabu ya mauzo ya siku huenda isidhuru chochote. Kwenye maji ya bahari ni balaa. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mzunguko wake mkuu, ule ambao wataalamu wa bahari huuita M2, huchukua saa 12 na dakika 25. Nusu yake ni saa 6 na dakika 12. Kwa hiyo ukikosea saa 6, maji yaliyojaa yanasomeka yamekupwa, na yaliyokupwa yanasomeka yamejaa. Grafu itatoka laini, ya kupendeza, na itakuwa imegeuka juu chini. Hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia.

Kosa la namna hiyo ndiyo mtaji wako ukitaka kuchangia programu huria za sayansi. Wengi wanadhani mchango ni lazima uwe msimbo mgumu wa hisabati, kwa hiyo wanasubiri miaka mpaka "waive". Si hivyo. Pandas, programu huria ya kuchambua majedwali kwa lugha ya Python, ilianzishwa na Wes McKinney mwaka 2008 kwa ajili ya data za fedha, na kila programu hurithi mazoea ya walioizaa: tarehe zao, saa zao, namna yao ya kuacha nafasi tupu. Anayechambua daftari la Mayungu au vipimo vya maji ya mto Sabaki anagonga kona ambazo watunzaji wa mradi hawajawahi kuzipita. Wao wanajua msimbo wao, wewe unajua data yako, na wanahitaji kuonyeshwa vizuri kile unachokiona.

Na Malindi si mgeni katika mambo haya. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004, imekuwa ikishusha data zake kwenye kituo cha hapa hapa. Data za angani hizo leo mtu yeyote anaweza kuzichambua kwa Astropy, programu huria ambayo mlango wake wa kuchangia uko wazi kwa kijana wa Shella kama ulivyo kwa profesa wa Marekani.

Kabla hujaripoti lolote, jiulize kosa ni la nani. Saa ya Kiswahili si kosa la pandas, na ukiomba iwekwe humo utakataliwa, tena kwa haki. Andika kipande chako kidogo cha msimbo cha kugeuza saa. Mchana na jioni ongeza 6 daima: saa 7 mchana ni 13:00, saa 12 jioni ni 18:00. Asubuhi ongeza 6 pia, isipokuwa saa 12 asubuhi, ambayo ni 06:00. Usiku ndio mtihani. Saa 1 hadi saa 5 ongeza 18. Saa 6 hadi saa 11 toa 6, kwa hiyo saa 6 usiku inakuwa 00:00 na saa 9 usiku inakuwa 03:00. Hapo tarehe nayo huteleza. "Usiku wa Ijumaa" kwa wazee wengi wa pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Hakuna kanuni ya kompyuta itakayokutatulia hilo. Muulize aliyeandika daftari, kisha weka safu ya pili inayosema tarehe ilihesabiwa vipi.

Tarehe zenyewe, hizo ni za pandas kweli. Tazama:

```
import pandas as pd
s = pd.Series(["04/11/2023", "13/11/2023"])
pd.to_datetime(s)
```

Kwetu hizo ni tarehe 4 na 13 Novemba, kaskazi inaanza. Matoleo ya kabla ya 2.0 yalikuwa yakisoma ya kwanza kama Aprili 11, kusi ikibisha hodi, na ya pili kama Novemba 13, yote katika safu moja, kwa onyo hafifu au bila neno. Toleo la 2.0, lililotoka Aprili 2023, linaangalia mpangilio wa tarehe ya kwanza na kuulazimisha kwa zote, kwa hiyo mfano huu unasimama kwa ujumbe wa `ValueError`. Hayo ni mageuzi makubwa, na yalitokana na pendekezo lililoandikwa na kujadiliwa hadharani. Lakini bado kuna tundu: daftari lenye siku 12 za kwanza za mwezi tu halitatoa kosa lolote, kwa sababu kila siku yake inakubalika kuwa mwezi. Andika `format="%d/%m/%Y"` kila mara, usiiachie kubahatisha.

Mfano ule wa mistari mitatu ndio umbo la ripoti nzuri ya hitilafu. Usitume faili zima la Excel. Punguza data mpaka ibaki mistari miwili au mitatu inayotoa kosa lile lile, iandike ndani ya msimbo wenyewe, sema ulitarajia nini na umepata nini, halafu bandika matokeo ya `pd.show_versions()`. Mtunzaji anayejitolea baada ya kazi ataunakili, ataubandika, na ndani ya dakika moja ataona unachokiona. Ripoti isiyoweza kurudiwa huzeeka bila jibu, na haina maana kuwa wamekudharau.

Kuna dhahabu pia katika mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Chukua siku ambayo hakuna aliyeandika kilo. Ukijumlisha nafasi tupu peke yake, pandas inakupa 0. Kwenye grafu, siku isiyoandikwa inafanana na siku ambayo wavuvi walitoka wakarudi mikono mitupu, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Ukiripoti kama hitilafu itafungwa, kwa sababu uamuzi huo umesimama tangu toleo la 0.22, Desemba 2017. Dawa yake ni `sum(min_count=1)`, inayoacha tupu ibaki tupu. Kwa hiyo tafuta kwanza kwenye ripoti za zamani, zilizofungwa pia. Ukikuta jambo liliamuliwa lakini maelezo hayalionyeshi vizuri, mchango wako ni mfano mmoja kwenye maelezo. Mifano ya aina hiyo huokoa watu wengi kuliko msimbo mwingi mpya.

Na usisahau nusu. Anayepima samaki huandika "3½". `pd.to_numeric` haiijui alama hiyo; ukiwa umeweka `errors="coerce"`, kilo 3 na nusu za changu zinayeyuka kuwa nafasi tupu, na jumla ya mwezi inapungua kimya kimya. Hesabu nafasi tupu kabla na baada ya kila hatua.

Sasa kompyuta. Kama una laptopu ya RAM GB 4 na bando la kuhesabu, anza na xarray, programu ya data za vipimo vingi kama za bahari na hewa, kuliko pandas au NumPy, ile ya hesabu za safu za namba. Xarray yote ni Python tupu. Unaisakinisha kwa `pip install -e.` na badiliko lako linafanya kazi papo hapo. Pandas ina msimbo wa C na Cython unaopaswa kujengwa kwanza, na kwa kawaida ujenzi huo hutumia kila kiini cha kompyuta kwa pamoja. RAM ikijaa utaona neno moja tu, `Killed`, bila maelezo, na utadhani umeharibu kitu. Punguza kazi za sambamba ziwe mbili:

```
python -m pip install -ve . --no-build-isolation -Ccompile-args="-j2"
```

Kupakua repo, yaani hifadhi ya msimbo wa mradi, nako kuna ujanja. Wengi hutumia `--depth 1`, yaani bila historia, kuokoa bando, kisha wanakwama, kwa sababu namba ya toleo la xarray husomwa kutoka lebo za Git, programu inayotunza historia ya msimbo, na lebo hazikuja. Programu inajitambulisha kwa toleo la ajabu, na vitu vinavyolitegemea vinagoma. Tumia `git clone --filter=blob:none`: historia na lebo zinakuja, lakini yaliyomo kwenye mafaili ya zamani yanaachwa mpaka yahitajike. Halafu unganisha repo mama kwa jina `upstream` na uvute lebo kwa `git fetch --tags upstream`, maana nakala yako kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi, huwa haiongezewi lebo mpya yenyewe.

Fungua tawi jipya kwa kila jambo moja: `git switch -c tarehe-mfano`. Usifanyie kazi kwenye `main`. Mwezi ukipita, kusawazisha itakuwa vita. Usiendeshe majaribio yote ya mradi, umeme unaweza kukatika kabla hayajaisha. Endesha faili husika tu, kwa mfano `pytest xarray/tests/test_interp.py`, na uziachie kompyuta za mradi zimalizie mengine ukishatuma. Ukiona herufi `s` nyingi usishtuke. Hayo ni majaribio yaliyorukwa kwa kuwa maktaba fulani ya hiari huna.

Jaribio lako liandike kabla ya marekebisho, liendeshe, ulione likishindwa. Jaribio ambalo halijawahi kushindwa halithibitishi kitu. Kwa data ya maji, usibebe faili la vipimo. Tengeneza mawimbi mwenyewe:

```
import numpy as np
import pandas as pd
t = pd.date_range("2024-01-01", periods=360, freq="h", tz="Africa/Nairobi")
n = np.arange(360)
maji = 1.1*np.cos(2*np.pi*n/12.4206) + 0.5*np.cos(2*np.pi*n/12)
```

Urefu wa mawimbi hapo ni wa mfano tu, lakini 360 ina sababu. Bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo, hutokana na mzunguko wa mwezi, M2, na wa jua, S2, kukutana na kuachana. Kuzitenganisha hizo mbili kunahitaji takriban siku 14.8 za vipimo. Saa 360 ni siku 15. Ukitumia wiki moja, programu ya kuchambua maji haiwezi kuzitofautisha vizuri, na utaripoti hitilafu isiyokuwepo. Angalia pia ile `"h"` ndogo: katika pandas 2.2 herufi kubwa `"H"` ilianza kutoa onyo, na mafunzo mengi bado yanaitumia. Kuirekebisha mahali unapoikuta ni mchango wa kwanza usio na mashaka.

Jambo la `Africa/Nairobi` linahitaji uangalifu wake. Ukiichukua kutoka pytz, maktaba ya Python ya kanda za saa, na kuipachika moja kwa moja kwa `tzinfo=`, hupati saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Unapata saa 2 na dakika 27, saa ya jua ya Nairobi ya zamani. Dakika 33 zinaonekana ndogo, lakini maji yanayopanda mita 3 hukimbia karibu sentimita 76 kwa saa katikati ya kujaa, kwa hiyo kosa linafika kama sentimita 40, na ngalawa inaweza kukwama kwa chini ya hapo. Tumia `tz_localize("Africa/Nairobi")` kwa saa isiyo na eneo. Kabla ya kuingia xarray geuza kuwa UTC na uvue eneo kwa `tz_convert("UTC").tz_localize(None)`, kwa sababu saa za NumPy hazibebi eneo.

Ukituma ombi la kuunganisha badiliko lako na mradi (pull request), eleza kwa sentensi chache jambo gani linabadilika na kwa nini, na utaje namba ya ripoti. Kiingereza chepesi kinatosha. Sisi huanza kwa salamu, tukaulizana habari za nyumbani. Wao wataandika "badilisha hapa" na basi. Usione ukali. Jibu kila hoja, rekebisha kwenye tawi lile lile, usifungue ombi jipya. Wakikaa kimya wiki mbili, kumbusha kwa sentensi moja ya adabu. Na msimbo uliotengenezewa na mashine ambao huwezi kuueleza mstari kwa mstari usiutume. Utaulizwa, na muda unaoliwa ni wa mtu anayejitolea.

Juu ya yote hayo, linda watu waliokupa daftari. Usiweke hadharani jina la nahodha, namba ya chombo wala alama za GPS za mwamba anaovua. Mwamba mzuri ni siri ya familia, na Git haisahau: ukifuta faili leo, bado limo kwenye historia, na nakala za wengine wanazo. Badilisha majina, zungusha namba, au tengeneza data ya uongo inayotoa kosa lile lile.

Badiliko lako likikubaliwa, halitakufikia mpaka toleo lijalo. Likitoka, lisakinishe kwenye mazingira mapya pembeni, pitisha daftari la mwaka mzima, linganisha jumla za kilo mwezi kwa mwezi na za toleo ulilonalo, na usiliondoe la zamani mpaka kila tofauti uwe umeijua imetoka wapi.