Alumini au chuma? Kabla hujanunua fremu ya baiskeli ya milimani

Swali hili huulizwa na karibu kila anayeanza kuendesha baiskeli milimani, na mara nyingi huja na jibu lake mkononi: "Chuma kinapunguza mtikisiko, alumini inaumiza mgongo." Nimeendesha za aina zote mbili kwa miaka, kwenye mawe, mizizi na matope, na kauli hiyo ndiyo ningependa tuiondoe mezani kwanza. Inawafanya watu walipie kitu ambacho wakishapanda hawatakihisi.

Fuata mtikisiko wenyewe safari yake. Unatoka kwenye jiwe, unaingia kwenye tairi, unapita rimu na spoki, mbele unakutana na shokapu za uma unaoshika gurudumu, na mabaki yake ndiyo yanayoifikia fremu. Baada ya fremu bado kuna nguzo ya siti, siti yenyewe, usukani na mipira ya kushikia. Tairi la inchi 2.4 likipanda juu ya jiwe hubonyea hata zaidi ya sentimita moja. Fremu imeundwa kwa pembetatu, na pembetatu ikisukumwa kutoka chini kwenda juu haiendi popote, iwe ya alumini au ya chuma. Toa upepo kwenye tairi pana kutoka psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) hadi 25 na utapata tofauti ambayo hakuna metali itakayokupa. Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema amejaribu baiskeli mbili na ya chuma ilikuwa laini kuliko nyingine, namuuliza tairi zilikuwa za upana gani na zilijazwa kiasi gani. Kwa kawaida hajui. Ukipata nafasi ya kulinganisha, jaza upepo sawa pande zote mbili, la sivyo unajaribu tairi.

Sifa mbaya ya alumini haikuzuka hewani, lakini. Waliouanzisha mchezo huu huko Marin County, California, katika miaka ya 1970 walikuwa wakiteremka Mount Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za chuma, na mwaka 1977 Joe Breeze akaanza kutengeneza fremu mahsusi kwa kazi hiyo, za chuma pia, zenye paipu nyembamba. Alumini ilikuja na sura nyingine kabisa. Gary Klein alikuwa ameshaanza kujaribu paipu nene za alumini, yaani zenye kipenyo kikubwa, alipokuwa mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na kampuni ya Cannondale ikaingia sokoni na fremu za namna hiyo mwaka 1983. Shokapu za mbele zilikuwa bado hazijaenea. Fremu ngumu, uma usio na shokapu, tairi nyembamba zilizojazwa upepo mpaka ziwe kama jiwe: lazima mgongo ungelalamika. Siku hizi karibu kila kitu kwenye baiskeli hizo kimebadilika, ila maneno yamebaki yale yale.

Kwa nini paipu za alumini ziwe nene? Hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma karibu 7.85. Ukakamavu wake, yaani jinsi inavyogoma kupinda, nao ni kama theluthi moja ya ule wa chuma. Ukitengeneza fremu mbili zenye paipu za vipimo sawasawa, ya alumini itakuwa nyepesi mara tatu lakini itayumba karibu mara tatu. Mbunifu hutibu hilo kwa kuongeza kipenyo, maana ukakamavu hupanda haraka mno kipenyo kinapokua: paipu yenye kipenyo mara mbili na ukuta wa unene ule ule hugoma kupinda mara nane zaidi. Utauliza kwa nini chuma nacho kisinenepeshwe hivyo hivyo. Ili uzito ubaki chini ungelazimika kuufanya ukuta wake uwe mwembamba mpaka ubonyee kama kopo la soda. Kwa hiyo tofauti unayoihisi ukisimama kwenye pedali kupandisha kilima, ile fremu moja kuonekana imekaza na nyingine inajipinda kidogo, imetoka kwenye umbo la paipu na uamuzi wa aliyelichora. Nimewahi kukalia fremu za chuma zilizokaza kuliko za alumini.

Sasa tahadhari inayohusu pesa. Neno "chuma" kwenye tangazo halina maana mpaka ujue ni chuma gani. Kile cha bei rahisi ni chuma cha kawaida cha kaboni ambacho, kwa kuwa hakina nguvu nyingi, hulazimu kuta za paipu ziwe nene, na fremu inakuwa nzito kama mzigo. Kile ambacho watu wanakisifia ni kromoli, mara nyingi daraja la 4130, chenye kromiamu karibu asilimia moja na molibdeni kidogo. Kromoli si kikakamavu kuliko chuma cha kawaida. Ubora wake ni nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoruhusu ukuta kupunguzwa. Fremu nzuri huwa na paipu ambazo kuta zake ni nene kwenye ncha, pale zinapochomelewa, na nyembamba katikati. Teknolojia hiyo Alfred Reynolds, mtengenezaji wa paipu, aliisajili Uingereza mwaka 1897 na bado inatumika. Na ukiona stika ya kromoli, isome yote. Kuna fremu ambazo pembetatu ya mbele tu, au hata paipu moja, ndiyo kromoli, halafu nyuma kote ni chuma cha kawaida. Stika haidanganyi, inanyamaza tu.

Alumini nayo ina daraja zake, 6061 na 7005 zikiwa ndizo unazokutana nazo zaidi. Zote ni nzuri, sitakuambia uhangaike kuchagua kati yake. Kilicho muhimu kujua ni kwamba 6061 ikichomelewa hulegea pembeni ya kiungo, kwa hiyo fremu nzima hurudishwa kwenye tanuri la nyuzi joto 530 hivi, inapozwa ghafla, kisha inapashwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa mpaka ikomae. Hayo hufanyika kiwandani. Siku ufa ukitokea, fundi anaweza kuuziba vizuri kabisa kwa macho, lakini tanuri hana, na eneo alilolichomelea limebaki dhaifu. Fremu ya alumini iliyopasuka naihesabu imekwisha. Ya chuma inaweza kuchomelewa na fundi anayejua kazi ya paipu zenye kuta nyembamba ikaendelea na maisha, na hapo ndipo naona chuma kina haki ya kujivuna.

Kuhusu kuchoka kwa metali, watu hutishana bure. Ni kweli chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake kinaweza kurudiwarudiwa pasipo kupata ufa, na alumini haina kiwango cha namna hiyo, kila mkazo unahesabika. Lakini wabunifu wanalijua hilo na huongeza metali ya kutosha ili mikazo ya kawaida iwe midogo sana. Fremu ya alumini iliyotengenezwa vizuri huishi miaka mingi ya matumizi ya haki. Tofauti iko kwenye kifo chake. Chuma huwa kinatangulia kulia na kuyumba, ufa unakua polepole. Kwenye alumini, kutoka ufa mdogo hadi kukatika kunaweza kuwa kufupi. Anayeruka mawe kila wiki awe na desturi ya kukagua.

Na ukaguzi huo ndio unaopaswa kufanya ukinunua fremu iliyotumika, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Beba sumaku ndogo: ikinata ni chuma, isiponata ni alumini au kitu kingine, hata rangi iseme nini. Gusisha nyuma pia, siyo paipu kubwa peke yake. Futa tope kwa kitambaa chini ya shingo ya fremu, pale paipu kubwa ya kushuka inapokutana na ile inayoshika uma, umulike kwa tochi kutoka pembeni, siyo moja kwa moja. Mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, hasa unaofuata ukingo wa weldi, upitishie kucha. Kucha ikikwama, rudisha fremu kwa mwenyewe. Halafu omba kuchomoa nguzo ya siti. Ikigoma kabisa hilo pekee ni sababu ya kupunguza bei au kuondoka, kwa sababu nguzo iliyoshikana na fremu inaweza kukugharimu fremu yenyewe. Ikitoka kwenye fremu ya chuma, pindua fremu kichwa chini na uitikise. Nimewahi kuona maji ya rangi ya chai yakimwagika na vipande vya kutu ndani yake kutoka kwenye fremu ambayo kwa nje rangi yake ilikuwa inang'aa. Kutu ya chuma huanzia ndani, hasa kwenye sehemu ya chini kabisa zinapokaa beringi za pedali, maana maji yote huishia pale. Dalili yake kwa nje ni rangi iliyovimba kama malengelenge.

Uzito nitaupitia haraka. Fremu ya alumini isiyo na shokapu ya nyuma huwa kilo 1.6 hadi 2 hivi, ya kromoli 2.2 hadi 2.8. Hiyo ni nusu kilo mpaka kilo moja juu ya baiskeli ambayo pamoja nawe inapita kilo 80. Kama unashindana, ihesabu. Kama hushindani, chupa ya maji inakuzidishia uzito karibu ule ule na hujawahi kuilalamikia.

Kwa hiyo mimi ningeshauri hivi. Mwenye bajeti ndogo anunue alumini bila kusita, kwa sababu kwa bei hiyo chuma atakachopewa ni kile kizito, na pesa itakayobaki aiweke kwenye breki, uma na tairi. Anayetaka shokapu ya nyuma pia anunue alumini. Za chuma zipo ila ni chache na ghali. Kromoli ni ya mtu anayetaka fremu moja ya kukaa nayo muda mrefu, anayefunga mizigo na kusafiri mbali na mafundi wenye vifaa, na yuko tayari kuitunza. Na kama mojawapo ya fremu mbili ulizo nazo mbele yako haikutoshi kimo, hakuna cha kujadili tena, chukua inayokutosha.

Ukishainunua, ya chuma ipulizie mafuta ya kuzuia kutu ndani ya paipu kabla hujafunga kitu chochote, na uhakikishe tundu la kutolea maji kule chini halijazibwa na tope. Ya alumini isikudanganye kwamba haina ugonjwa: ikikaa na bolti za chuma kwenye unyevu na chumvi ya jasho hutoa unga mweupe na kung'ang'aniana nazo. Paka grisi kwenye bolti na kwenye nguzo ya siti, isipokuwa nguzo ya nyuzi za kaboni, ambayo ina losheni yake maalumu. Na nunua mapema kile kipande kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma, kinacholingana na fremu yako. Kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi ili kivunjike chenyewe fremu ipone, kila fremu ina umbo lake, na huwa hakipatikani siku unayokihitaji.